Ndege Ikipita Pembeni ya Vita, Nani Kasema Njia Ni Salama?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mume wangu anafanya kazi Ulaya, na kila baada ya miezi mitatu husafiri kwa ndege ya kubadilishia Ghuba. Mimi huifuatilia safari yake kwenye simu. Mara ya mwisho niliona ndege nyingine zinazunguka mbali, yake ikapita pembeni kabisa ya nchi inayorushiana makombora na jirani yake. Niliwaandikia shirika la ndege wakanijibu mstari mmoja: wanaruka katika anga lililo wazi na wanafuata maelekezo ya mamlaka zote. Hilo ni jibu? Nani hasa anaamua kwamba njia ni salama? Na mimi nimzuie asisafiri?

Marahaba, binti yangu. Nianze na la mwisho ili upate usingizi: usimzuie. Lakini hilo la shirika si jibu, na umefanya vizuri kulitilia shaka. Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya kupanga safari za ndege, kazi ambayo sisi wenyewe huiita dispachi, na nakiri kwamba sentensi kama hiyo nimewahi kuiandika kwa mkono wangu zaidi ya mara moja. Ni sentensi ya kweli isiyombana mtu. Anga liko wazi, sawa. Cha kuuliza ni nani aliyeliacha wazi, na alikuwa anaangalia nini alipoliacha hivyo.

Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ndio msingi wa sheria za usafiri wa anga duniani, unaanza kwa kuipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga lake. Kifungu cha 9 kinairuhusu nchi hiyo kuzuia ndege zisipite sehemu fulani kwa sababu za kijeshi au za usalama wa umma. Kwa hiyo mwenye ufunguo wa mlango ni yuleyule ambaye nyumba yake inaungua. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, haliwezi kulifunga anga la nchi ya mtu. Linatoa miongozo, ukiwemo mmoja mzima wa namna ya kupima hatari ya kuruka juu au karibu na maeneo ya mapigano, linakumbusha, linakemea. Ufunguo hauko kwake.

Na mwenye ufunguo ana sababu zake za kutofunga. Ndege inayopita juu ya nchi huilipa nchi hiyo ada ya kuongozwa, na kwa nchi iliyo kwenye njia kuu hizo ni fedha za kigeni zinazoingia usiku na mchana. Kufunga pia ni kukiri mbele ya dunia kwamba sehemu ya nchi imekutoka mkononi. Tena anayejua ni silaha gani imeingia porini jana usiku ni mwanajeshi, na mwanajeshi hana mazoea ya kumpigia simu raia anayeongoza ndege. Bodi ya Usalama ya Uholanzi, baada ya kuchunguza kutunguliwa kwa MH17, ndege ya abiria ya Malaysia, mwaka 2014, iliandika bila kuficha kwamba ni nadra kwa nchi yenye mapigano kulifunga anga lake yenyewe.

MH17 inafaa tuikalie kidogo, kwa sababu karibu kila kinachofanyika leo kwenye meza za kupanga safari kimetokana nayo.

Tarehe 14 Julai 2014, ndege ya mizigo ya jeshi la Ukraine aina ya Antonov An-26 ilitunguliwa mashariki mwa nchi hiyo ikiwa kwenye kimo cha zaidi ya mita 6,000. Kimo hicho makombora ya begani kwa kawaida hayafiki. Mtu yeyote wa kazi hii angeusoma mkasa huo hivi: kuna mtu pale chini ana mtambo mkubwa. Siku hiyohiyo Ukraine ikafunga anga la eneo lile kutoka ardhini hadi futi 32,000. Juu ya hapo, wazi. Siku tatu baadaye Boeing 777 ya Malaysia Airlines, ikitoka Amsterdam kwenda Kuala Lumpur, ilipita pale kwenye futi 33,000. Kwa mpango wake wa safari ilitakiwa ipande hadi futi 35,000 ikifika huko. Mwongoza ndege aliwauliza kama wanaweza kupanda, marubani wakaomba wabaki walipo. Baadaye wakaomba kusogea kushoto maili 20 kukwepa mawingu mabaya. Mazungumzo ya kawaida kabisa, ya aina ambayo nimeyasikiliza maelfu ya mara. Kombora la Buk, mtambo mkubwa wa kutungulia ndege, likalipuka karibu na chumba cha marubani. Watu 298 wakafa.

Watu hupenda kuuliza: je, wangepanda hadi 35,000? Isingesaidia kitu. Buk hufika zaidi ya futi 70,000. Ule mstari wa futi 32,000 haukuwa na maana yoyote kwa silaha iliyokuwapo pale chini. Ni sawa na kumwambia mtu asikanyage maji yenye mamba kwa miguu, aogelee.

Sasa angalia upande wa pili. Siku ile ile ndege 160 za abiria na mizigo zilipita juu ya eneo lile. Kati ya tarehe 14 na 17, mashirika 61 kutoka nchi 32 yalipita hapo. Dakika ile MH17 inapigwa, ndege nyingine tatu zilikuwa kwenye sehemu ileile ya anga. Hayakuwa mashirika ya uchochoroni; mengi yalikuwa majina makubwa yenye maofisa wa usalama, wanasheria na kompyuta nzuri. Kila mmoja alimtazama mwenzake, akaona anapita, naye akapita. Ndiyo sababu nakwambia ukubwa wa shirika usiwe kipimo chako cha kwanza.

Nije kwenye silaha zenyewe, maana zikishaeleweka, ramani unayoiona kwenye simu itaanza kuzungumza.

Kuna makombora ya begani, yale ambayo mtu mmoja anabeba na kurusha. Hufuata joto la injini. Mengi hayavuki futi 15,000 hivi kutoka mahali yanaporushiwa, na hayo maneno "kutoka mahali yanaporushiwa" yatilie mkazo: mtu akiwa juu ya mlima, urefu wa mlima unaongezeka kwenye hesabu. Ndege iliyo safarini kwenye futi 36,000 haina habari nayo. Hatari yake ni wakati wa kupaa na kutua. Novemba 2002, ndege ya Israel aina ya Boeing 757 ilirushiwa makombora mawili ya namna hiyo ilipokuwa inapaa Mombasa. Yote mawili yakakosa. Mwaka uliofuata, Novemba 2003, Airbus A300 ya mizigo ilipigwa bawa muda mfupi baada ya kupaa Baghdad. Ilipoteza nguvu zote za haidroli, yaani usukani ukabaki pambo, na marubani wakaigeuza na kuitua kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini tu. Bado nikiisimulia natingisha kichwa.

Halafu kuna mitambo mikubwa inayobebwa na magari, yenye rada yake, kama huo Buk. Hiyo haijali kimo chako. Ukisikia kwamba mitambo hiyo iko mikononi mwa watu wenye wasiwasi, swali la "tunapita juu kiasi gani" limekwisha; linabaki "tunapita au hatupiti".

Kuna jambo moja abiria hawalifikirii na sisi hulipigia hesabu kila safari. Ndege haikai juu kwa mkataba. Hewa ya ndani ikivuja, rubani anatakiwa ashuke haraka hadi futi 10,000 hivi, mahali watu wanapoweza kupumua bila barakoa. Injini moja ikizima, ndege haiwezi kubaki kwenye kimo chake, inateremka polepole hadi inapoweza kuhimili. Sasa fikiria tatizo dogo la hewa, la kawaida, ambalo kwingine lingeishia kwa abiria kuumwa masikio, linatokea juu ya bonde lenye wapiganaji wenye makombora ya begani. Ndege iliyokuwa salama kwa sababu ya kimo inakuja yenyewe mikononi mwao, na pengine uwanja wa karibu wa kutua ni uleule unaogombewa. Kwa hiyo mpangaji mzuri haulizi tu kama kupita juu ni salama. Anauliza: tukilazimika kushuka hapa, tunashukia wapi? Afghanistan ni mfano wake. Tangu Agosti 2021, Kabul ilipoangukia mikononi mwa Taliban, anga lake la juu limekuwa halina mtu wa kuongoza ndege. Marubani hutangaziana wenyewe kwa redio, mimi niko hapa, kimo changu hiki, naelekea kule. Hupigwi na mtu. Lakini ukipata shida, uko peke yako.

Hadi hapa nimezungumza kama vile kuna mtu anazilenga ndege za abiria. Kwa mengi ya matukio makubwa, sivyo. Ndege hizo hutunguliwa kwa kudhaniwa kitu kingine. Hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote, kwa sababu linabadilisha namna ya kuangalia hatari.

Julai 1988, manowari ya Marekani Vincennes iliitungua Airbus ya Iran Air iliyokuwa imetoka Bandar Abbas kwenda Dubai. Mabaharia waliamini wanashambuliwa na ndege ya kivita inayoshuka kuwajia. Ile ya abiria ilikuwa inapanda. Watu 290. Oktoba 2001, kombora la jeshi la Ukraine lililorushwa kwenye mazoezi, mazoezi tu, liliipiga Tupolev ya Urusi juu ya Bahari Nyeusi, watu 78. Tarehe 25 Desemba 2024, Embraer ya Azerbaijan Airlines ilikuwa inajaribu kutua Grozny wakati ulinzi wa anga wa Urusi ukipambana na droni za Ukraine. Ikapigwa, ikavuka Bahari ya Kaspi ikiwa imejeruhiwa, ikaanguka karibu na Aktau, Kazakhstan. Kati ya watu 67, 38 walikufa. Oktoba 2025 Rais Putin alikiri kwamba makombora ya Urusi yalilipuka karibu na ndege hiyo.

Na kuna Tehran, Januari 8, 2020. Usiku ule Iran ilikuwa imerusha makombora kwenye kambi za Marekani zilizoko Iraki na inangoja kulipiziwa. Kila askari wa ulinzi wa anga ameambiwa adui atakuja, macho kwenye kioo cha rada. Marekani ikapiga marufuku ndege zake za kiraia kupita hapo saa chache kabla. Uwanja wa Tehran ukaendelea na kazi kama kawaida. Ndege ya Ukraine International ilitakiwa kuondoka saa kumi na moja na robo alfajiri, ikachelewa kwa sababu walikuwa wanashusha baadhi ya mizigo kupunguza uzito, ikapaa saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili. Mtambo mmoja wa makombora ya Tor ulikuwa umehamishwa, na kwa maelezo ya Iran yenyewe haukuwekwa sawa tena na upande wa kaskazini, ukakosea kwa zaidi ya digrii 100. Ndege inayotoka uwanjani, kwenye kioo cha yule askari, ikaonekana inakuja kutoka upande mwingine kabisa. Akarusha mara mbili. Watu 176.

Itazame Tehran kama ninavyoitazama mimi. Anga lilikuwa wazi. Kibali cha kuruka kilitolewa. Ndege ilikuwa kwenye njia yake halali na vifaa vyake vya kujitambulisha vilikuwa vinafanya kazi. Hakuna kanuni hata moja iliyovunjwa na marubani. Hatari haikuwa mahali pekee. Ilikuwa mahali na saa. Saa chache baada ya pigo la kwanza, karibu na uwanja, kwenye nchi inayongoja kupigwa: hapo ndipo kidole cha mtu kinapokuwa chepesi. Wiki tatu baadaye, vita ikiwa ileile na uhasama uleule, hatari ya kosa la aina ile huwa imepungua sana kwa sababu kila upande umeshajipanga na raia wameshaondolewa njiani.

Kwa hiyo ukiniuliza nani anaamua, nitakwambia kuna tabaka tano, na ya mwisho ndiyo ya maana. Nchi yenye anga, tumeshaiona. Nchi iliyosajili shirika la ndege nayo inaweza kuyakataza mashirika yake yasipite anga la mwingine, kama Marekani ilivyofanya usiku ule. Wakala wa Usalama wa Usafiri wa Anga wa Ulaya, EASA, hutoa taarifa za maeneo ya mapigano, ambazo kwa kawaida ni ushauri, na zinasomwa na kila mtu. Kisha wako wenye bima, watu wanaotajwa kidogo mno. Bima ya kawaida ya ndege haihusishi vita. Bima ya vita hununuliwa kando, na mwenye bima anaweza kuifuta kwa notisi ya siku saba, wakati mwingine pungufu. Nimeona njia ambayo wanausalama wameipigia kelele miezi miwili bila kusikilizwa ikafutwa alasiri moja kwa barua ya wakala wa bima. Sikufurahi wala sikushangaa.

Mwisho ni shirika lenyewe, yaani mtu kama mimi mbele ya skrini, na rubani. Rubani ndiye mwenye neno la mwisho. Akisema haendi, haendi.

Ngoja nikuonyeshe skrini hiyo ilivyo. Safari ndefu moja huja na furushi la taarifa tunazoziita notamu, wakati mwingine kurasa makumi, zote kwa herufi kubwa na vifupisho. Mstari unaosema taa moja ya njia ya kutembelea ndege imeungua, na mstari unaosema kwamba nchi fulani inarusha makombora leo usiku, vimeandikwa kwa herufi zilezile, ukubwa uleule, wakati mwingine kimoja chini ya kingine. Jicho la mtu aliyechoka linapita juu ya vyote viwili kwa mwendo mmoja. Mashirika mazuri yameajiri watu ambao kazi yao ni kusoma hayo na habari za vita, kisha kuwaambia wapangaji kwa lugha ya binadamu: leo msipite hapa. Mashirika mabaya yanamwachia mpangaji na furushi lake.

Usiku mmoja nilikuwa zamu na kijana aliyekuwa anajifunza kazi. Mchana ule hali kati ya nchi mbili zilizo kwenye njia yetu ilikuwa imechafuka, nikaongeza mafuta ya ziada tani nne kwenye ndege moja. Bosi wa gharama akanipigia simu kulalamika, na kwa hesabu zake alikuwa na haki: ndege hula mafuta ili kubeba mafuta, sehemu ya zile tani nne ingeungua kwa ajili tu ya kuzibeba zilizobaki. Saa saba usiku nchi moja ikafunga anga, ndege yetu ikiwa imebakiza dakika arobaini kufika mpakani. Ndege zote zilizokuwa kwenye njia ile zikaanza kuomba kugeuka kwa wakati mmoja. Kijana aliuliza, "Mzee, tunaipeleka wapi?" Kwa sababu ya zile tani nne, kulikuwa na majibu matatu ya swali lake. Wenzetu wa shirika jingine walikuwa na moja, uwanja mdogo uliokuwa umeshajaa ndege zilizotangulia kufika. Bosi wa gharama hakupiga simu asubuhi.

Jibu la kweli ambalo shirika lingekupa, kama lingekuwa na ujasiri, lingekuwa na vitu vya aina hiyo: tumebeba mafuta ya kuzunguka, tuna watu wanaofuatilia saa 24, tulisitisha safari kwa muda fulani pale mambo yalipowaka.

Kuna tatizo jipya lililoingia ambalo marubani wanalilalamikia kuliko makombora, nalo ni kuharibiwa kwa GPS. Majeshi huvuruga mawimbi ili droni zipotee, na ndege za abiria zinapotea nazo. Mwanzo ilikuwa kuzima tu: kifaa kinasema hakioni setilaiti, rubani anatumia njia nyingine, basi. Tangu 2023, hasa maeneo ya Iraki na Iran na mashariki mwa Mediterania, ikawa udanganyifu: kifaa kinaona setilaiti za uongo na kuamini. Saa ya ndege inaruka mbele au kurudi nyuma. Ramani inaonyesha ndege imesimama juu ya uwanja fulani ilhali inakata maili nane kwa dakika kwingine. Mbaya zaidi, mtambo wa kuonya kwamba unakaribia kugonga ardhi unaweza kupayuka "vuta juu, vuta juu" ndege ikiwa futi 37,000, kimo ambacho hakuna mlima duniani unaokifikia. Rubani anajua ni uongo. Akisikia uongo huo kila wiki, ninachohofia ni siku ambayo onyo litakuwa la kweli, karibu na mlima, usiku. Mashirika yanawafundisha marubani kuizima GPS kabla ya kuingia maeneo hayo na kutumia vifaa vya ndani ya ndege pamoja na minara ya redio ya ardhini, ile ambayo nchi nyingi zilikuwa zinataka kuing'oa kwa kudhani imepitwa na wakati.

Hapo hapo utaelewa kwa nini usiiamini sana ramani ya simu yako. Inachora kile ambacho ndege inajitangazia. Ndege ikidanganywa, ramani nayo inadanganywa, na nimeshapigiwa simu na ndugu za abiria wakilia kwamba ndege imeingia nchi ya vita ilhali haikukaribia hata mpaka. Pia kwenye kioo cha simu kidole kimoja ni kilomita mia kadhaa. "Pembeni kabisa" uliyoiona huenda ilikuwa mwendo wa dakika ishirini.

Na kwa nini yake ilipita karibu wakati nyingine zilizunguka? Huenda ni uzembe, lakini si lazima. Marufuku ya nchi moja hayalifungi shirika la nchi nyingine. Tena njia zimekwisha. Tangu 2022 anga la Urusi limefungwa kwa mashirika ya nchi nyingi za Magharibi, na la Ukraine limefungwa kabisa. Finnair, iliyokuwa ikienda Helsinki hadi Tokyo kwa saa tisa hivi, ikajikuta inatumia kama kumi na tatu. Anga la Sudan lilifungwa Aprili 2023 vita vilipolipuka Khartoum. India na Pakistan kila zinapogombana hufungiana. Zote zilizokuwa zinapita huko zinabanwa kwenye vijia vichache kati ya Ulaya, Ghuba na Asia, na vijia hivyo vinapita katikati ya majirani wasiopatana. Kuzunguka zaidi nako si bure: rubani anachoka zaidi, mafuta yanapungua, na msongamano kwenye kijia chembamba ni hatari yake peke yake. Mpangaji anapima hatari moja dhidi ya nyingine. Hana njia isiyo na kitu.

Sasa mume wako. Kabla ya kukata tiketi, angalia kurasa za EASA zenye taarifa za maeneo ya mapigano, ziko wazi kwa mtu yeyote. Uko pia mtandao wa Safe Airspace, bure, unaoweka tahadhari za nchi mbalimbali kwenye ramani moja. Ukiona nchi tatu nne zimewakataza wenyewe kupita mahali na shirika lenu bado linapita, hapo una hoja, na ukiwa na chaguo la kubadilishia mji mwingine, lichukue. Angalia pia historia: usiku Iran iliporusha makombora kuelekea Israel Aprili 2024, na zile siku kumi na mbili za vita vyao Juni 2025, shirika hilo lilifanya nini? Lilisitisha mapema, au lilikuwa la mwisho kugeuka? Tabia ya shirika haibadiliki haraka.

Likitokea pigo jipya, la ghafla, kati ya nchi zilizo njiani, na safari yake ni ndani ya siku moja au mbili, hapo mwambie asogeze tarehe. Hapo pekee. Mashirika mengi hubadilisha tarehe bila kutoza siku kama hizo, kwa sababu nayo yanatafuta kupunguza watu. Zaidi awe mwangalifu na safari zinazotua au kupaa kwenye nchi inayopigana kuliko zinazopita mbali juu ya jirani yake. Bima yake ya safari asome sehemu ya vita kabla ya kulipa; nyingi hazilipi, na zikilipa hazilipi kwa mgogoro uliokuwa unajulikana tayari siku aliponunua.

Kitakachompata zaidi kuliko kombora ni kilichowapata abiria wa Doha jioni ya tarehe 23 Juni 2025. Iran ilirusha makombora kwenye Al Udeid, kambi ya jeshi la Marekani iliyoko Qatar, Qatar ikafunga anga, na ndege zaidi ya 90 zilizokuwa zikielekea huko zikageuzwa kwenda nchi nyingine. Hakuna abiria hata mmoja wa ndege hizo aliyeumizwa na kombora. Maelfu walilala kwenye viti na sakafu za viwanja ambavyo hawakuwa na viza ya kutoka nje yake, masanduku yao yakiwa bado tumboni mwa ndege. Kwa hiyo chaji ya simu, fulana moja ya kubadilisha, namba yako ikiwa imeandikwa kwenye karatasi, na kama anatumia dawa za presha au sukari, za siku nne, ziwe kwenye begi analopanda nalo.